Mkono Uliojua Nusu

Kila asubuhi, kabla ya kushika spana, mkono ule ulijifuta kwenye paja ambalo halikuwepo.

Ulikuwa mkono wa chuma, umening'inia kwenye reli ya paa la karakana ya Luhanga, wenye kiwiko, kifundo na vidole vitano vilivyovishwa mpira mweusi. Ulishuka taratibu, ukajipangusa mara moja hewani, pale pale ambapo fundi Tusekile alikuwa akifunga kitenge chake cha kazi, ndipo ukaenda kuchukua spana. Wahandisi waliita jambo hilo kasoro ndogo. Waliwahi kutaka kuiondoa, wakaona itawachosha, wakaiacha. Ambakisye Mwakalobo, mume wa marehemu, aliiita salamu.

"Ndaga, fundi," alimshukuru kwa Kinyakyusa, kila siku, kwa sauti ya chini ili wasije wakamwona mwehu.

Zamani fundi akifa alizikwa na ufundi wake. Siku hizi alizikwa bila ufundi. Kampuni ilikuwa imewavisha mafundi glavu za nyuzi msimu mzima, kila walichokaza na kulegeza kikanyonywa, na fundi akishafukiwa, mkono wake uliendelea na zamu. Tusekile alizivaa glavu zile huku anakohoa, akacheka, akasema labda wakubwa watamtengenezea na mkono wa kuosha vyombo. Masika yaliyofuata vumbi la breki lilimaliza mapafu yake. Wakubwa walipata mashine ya kunyonya mkono. Ya kusaidia kifua, walisema bajeti haikuruhusu.

Ambakisye aliomba kazi ya mtunza mkono, wakampa. Kazi yenyewe ilikuwa kupaka grisi viungo, kubadili mipira ya vidole, kuvaa glavu mara moja moja kuunyoosha mkono ukianza kwenda kombo, na zaidi ya yote kutoingilia. Basi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mume wa mtu, akimtazama mkewe anafanya kazi.

Mkono ulikaza springi za magari ya mgodi. Magari hayo hayakuwa na kichwa wala usukani. Yalikuwa matela marefu yenye akili zao wenyewe, yanayopanda mgodini matupu na kurudi yamebeba mawe ya kutengenezea betri, yakipita kwenye lango la karakana kabla ya kuteremka mlima wa Nkangala hadi kwenye reli. Watu wa bondeni waliyaita vipofu. Kila kipofu kilichobadilishiwa springi kilifungwa na Tusekile: boliti nne nene zilizopindwa kama herufi U, zinazoikumbatia ekseli na springi zikawa kitu kimoja. Mkono ulizungusha nati ya kwanza kidogo, ukaruka hadi ya upande wa pili, ukarudi, ukaruka tena, kama mama anayegawa chakula watoto wasigombane. Mwisho uliichora nati mstari wa rangi ya njano, ukaigonga kwa spana mara mbili.

Ko, ko.

Siku hiyo, mkono ulipokuwa bado kwenye nati ya tatu, vijana wa kreni waliingiza toroli lenye chuma kilichopinda. Yalikuwa mabaki ya kipofu kilichoanguka juzi chini ya mlima, kando ya soko la Mbugani. Ekseli ilikuwa imechomoka kwenye kona ya mwisho, tela likalala ubavu, likaburuzika hadi kwenye vibanda. Lilimuua fundi cherehani aliyekuwa anampima mteja bega, likamuua na mteja mwenyewe. Wengine waliokuwa chini ya mawe walitolewa kwa vipande.

Ambakisye aliinama juu ya toroli. Akaifuta boliti moja kwa kidole. Mstari wa njano ulikuwepo. Akaizungusha ile boliti, akatafuta upande wa pili, akatafuta tena.

Mstari mweupe haukuwepo.

Akatazama juu, mkono ukiwa unagonga nati yake mara mbili na kusubiri, kama ulivyosubiri kila siku tangu uwekwe pale, na yeye kila siku alidhani ulikuwa unapumzika.

*

Ofisi ya meneja Rwezaura ilikuwa kontena lenye kiyoyozi. Kijana mwenyewe alisimama mzee alipoingia. Adabu alikuwa nayo. Na ndiyo iliyomkera Ambakisye zaidi, maana mtu mwenye adabu hata matusi unashindwa kumtukana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Keti. Nikuletee chai?"

"Nimeshakunywa."

Rwezaura alikaa, akasogeza kikombe chake kushoto, akakirudisha kulia. "Tume ya kuchunguza ajali inakuja leo alasiri. Watauliza habari za mkono."

"Waulize."

"Wataalamu wetu makao makuu wameupitia. Wameona kwamba nati zile hazikufika kipimo. Mkono unaishia njiani. Na wameona tarehe. Marehemu mama alirekodiwa akiwa mgonjwa, mzee. Nguvu zilikuwa zimempungukia. Hakuna anayemlaumu."

"Hazikufika kipimo kwa sababu hazikutakiwa kufika," Ambakisye alisema. "Springi mpya ni kama godoro jipya, bwana mkubwa. Umewahi kununua godoro? Ukililalia linabonyea. Springi nazo, ukizipa mzigo yale majani yake yanabanana, na boliti uliyoiacha imekaza unaikuta imelegea. Ukiikaza kwa nguvu zote gari likiwa tupu, umejidanganya, na nati umeichosha bure. Kwa hiyo fundi alikaza kipimo cha kwanza, akachora njano. Dereva akapanda mgodini, akabeba, akarudi. Pale nje ya lango, kwenye tambarare, kabla ya mlima, alisimama. Magurudumu yote yako chini, hakuna jeki, kabari kwenye tairi. Akakaza kipimo cha mwisho mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayeshuka na roho yake. Akachora nyeupe. Njano na nyeupe ndiyo kazi nzima."

"Na hilo liliandikwa wapi?"

"Nani aandike? Unaandika kwamba mtu avue suruali ndipo aoge?"

Rwezaura hakucheka.

"Nilikuwa dereva wa barabara hii mpaka mlipotufukuza," Ambakisye aliendelea. "Yeye anafunga, mimi namalizia. Nyinyi mlikuja na kamera zenu, mkakaa ndani kwenye kivuli, mkamnyonya fundi. Huko nje juani hakuna aliyetoka kuangalia. Mkachukua nusu, mkaiita kazi. Nusu ya pili mkaipa barua ya kuachishwa."

"Mzee, mashine ingeona. Kila gari linapimwa likitoka."

"Linapimwa nini? Mashine yenu haipimi boliti. Inapima kama mkono wa chuma umefuata mkono wa fundi. Umefuata! Tusekile hajawahi kukosea."

Kiyoyozi kilinguruma. Meneja aliinuka, akaufunga mlango uliokuwa umefungwa tayari, akarudi kukaa. Hapo Ambakisye akajua kwamba kijana ameelewa, tena ameelewa vizuri.

"Hilo usilirudie," Rwezaura alisema polepole. "Likiwa kweli, si mkono huu tu. Ni yote. Kila karakana ina marehemu wake, na kila marehemu alifunga na dereva. Ni kusimamisha misafara nchi nzima."

"Basi simamisha."

"Mimi? Mimi nani, mzee? Mimi nina mkubwa. Mkubwa wangu naye ana mkubwa."

"Na huyo wa mwisho kabisa, yuko wapi?"

"Sijawahi kumwona."

Walitazamana. Rwezaura ndiye aliyeshusha macho. Akaeleza haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Jioni mkono ule utatolewa kazini. Utaletwa mwingine, wa fundi wa karakana ya kaskazini. Kwa utaratibu, mkono uliotolewa hufutwa, na nakala yake haipo popote. Sheria ilikataza nakala tangu mikono ya mafundi ilipoanza kuibwa na kuuzwa. Lakini yeye alikuwa ameomba. Ameomba kwa magoti.

"Ukiwaambia tume kwamba mama alikuwa anatetemeka, basi. Neno moja tu. Nakupa uende nao nyumbani, mzee. Sikupi chuma kitupu. Nakupa na yeye mwenyewe ndani, unafanya kazi."

Ambakisye alifungua kinywa atukane, tusi halikutoka. Aliliona jiko lake, sufuria imefunikwa, kiti kimoja kinachokaliwa na kingine kisichokaliwa. Akauona mkono unashuka kutoka kwenye boriti asubuhi, unajifuta kwenye paja.

"Na huyo wa kaskazini," alisema mwishowe, "naye anajua nusu."

Rwezaura alisogeza kikombe. "Tutakuwa tumechukua hatua."

*

Langoni alikuwepo Chaula, dereva mwenzake wa zamani, ambaye sasa kazi yake ilikuwa kuyapungia mkono magari yasiyo na macho. Alikuwa anamenya karanga.

"Uso gani huo, Mnyakyusa? Wamekwambia uhamie kwetu Ukinga?"

"Huko kuna watu au kuna viazi tu?"

"Viazi vyenye heshima kuliko ndizi zenu." Chaula akamsogezea karanga, kisha akaona kwamba mwenzake haziangalii. "Sema."

Ambakisye alimweleza, mstari mweupe mpaka zawadi ya kwenda nyumbani na mkono. Chaula aliacha kumenya. Kule ng'ambo ya barabara, tambarare ilikuwa tupu, imeota nyasi pale yalipokuwa yakisimama magari yao, madereva wakilala chini ya ekseli na kutaniana kwa miguu tu iliyoonekana.

"Leo gulio," Chaula alisema. "Mke wangu Elika yuko sokoni Mbugani na magunia ya viazi. Nilimwambia asiende, akaniuliza kama nitakula woga." Akageuka kuutazama mlima. "Mangapi yamefungwa na fundi juzi na jana?"

"Mengi. Yako mgodini yanabeba. Alasiri yanashuka."

"Waambie tume."

"Tume itakula kwanza. Itauliza maswali, itaenda kulala hotelini, itaandika. Mwakani watatoa rangi nyingine ya kofia za kazi."

"Tuweke mawe barabarani."

"Vipofu vitasimama, polisi watatutoa, vitaendelea."

Chaula alitema ganda. "Basi nani anasikilizwa hapa? Meneja hasikilizwi, wewe husikilizwi, mimi hata mbwa wa lango ananipita. Kinachosikilizwa hapa ni ule mkono. Ukisema kazi haijaisha, hili lango halifunguki hata aje waziri. Mimi nimeshaona. Siku ile nati ilipomponyoka marehemu, tulikaa na msafara mpaka watu wakachimba dawa."

Ambakisye alikuwa anavitazama viganja vyake mwenyewe.

"Usijitazame hivyo," Chaula alisema, akijaribu kurudisha utani. "Mkono wako wewe ungerekodiwa, ungekuwa unashika chupa tu."

"Na spana ndefu," Ambakisye alisema. "Ya tambarare."

Chaula akaelewa, na utani wote ukamtoka.

"Lakini unaingia mkono mmoja tu mle," alisema. "Wa kwako ukiingia..."

"Najua."

"Shemeji atakuwa amekwenda kabisa."

"Najua, Chaula!"

*

Sheria ya kwamba mtunza peke yake ndiye anayeruhusiwa kuuvalia mkono glavu waliitunga wakubwa wenyewe, ili wasimlipe mhandisi kukaa karakana. Akili ya mkubwa huishia mfukoni. Na sheria ya pili ilikuwa yao pia: mkono ukibadilishwa, kila gari lililofungwa na ule wa kwanza sharti lirudi kukaguliwa na ule mpya. Wa kaskazini ungeyakagua, ungeona njano, ungeyapitisha. Ungekuwa kama mzigo wa kuni unaoulizwa habari za maji.

Mkono ulikuwa kwenye nati ya mwisho ya kipofu kilichosimama ndani. Ambakisye alisubiri. Tusekile hakupenda kukatizwa katikati ya nati. Siku moja alimrushia kitambaa chenye grisi kwa sababu alimsemesha, na grisi ile haijatoka kwenye shati mpaka leo. Mkono ulimaliza. Ukachora njano.

Ko, ko.

Hiyo ilikuwa hodi. Hakuna aliyewafundisha. Mwaka ule walipoanza kupendana, yeye alikuwa bado dereva mgeni, fundi alimaliza gari lake, akagonga nati mara mbili, akamwambia, "Nimebisha hodi, dereva. Ukifika tambarare ufungue." Naye alipofika tambarare, amelala chini ya mzigo, amekaza mpaka spana ikabofya, amechora nyeupe, aligonga mara moja. Karibu. Alikuwa mbali, Tusekile asingesikia. Mwenyewe alisema alisikia. Wakaoana na mchezo wao huo, wakazeeka nao, hawakumwambia mtu, maana watu wangecheka.

Ambakisye alinyoosha kiganja, akakiweka juu ya vidole vya mpira. Vilikuwa na joto la mota. Alisubiri vimshike.

Havikumshika. Tusekile hakuwahi kumshika mkono akiwa kazini. Walichonyonya ni kazi tu.

"Haya, fundi," alisema. Akavaa glavu.

Sauti ya mfumo ilitoka ukutani, sauti ya binti mpole asiyejua lolote. "Unataka kuunyoosha mkono uliopo, au kuingiza mkono mpya?"

"Mpya."

"Mkono uliopo utafutwa. Hakuna nakala. Tafadhali thibitisha."

Aliangalia mkono ukijifuta kwenye paja lake la hewa, tayari kwa gari jingine. Aliuacha umalize kujifuta.

"Nathibitisha."

Mkono ulilegea wote mara moja, kama nguo ikianguka kutoka kwenye kamba.

Mkono haukubali kuungwa viraka. Huingia wa mtu mmoja, toka mwanzo hadi mwisho wa kazi. Basi Ambakisye alianza mwanzo. Alifungua zile nati, akazitupa kwenye pipa, maana nati iliyofunguliwa hairudishwi. Hilo Tusekile alilirudia kama sala. Akachukua mpya. Akasugua meno ya boliti kwa brashi mpaka yakang'aa, akayapaka mafuta kidogo. Akahakikisha boliti ya katikati imekaa kwenye tundu lake. Gari lilikuwa chini kwa magurudumu yake, kabari mbele na nyuma, na yeye aliweka miguu mbali na ekseli. Akazungusha kwa vidole mpaka nati zikagusa, kisha kwa spana ya kipimo: mbele kushoto kidogo, nyuma kulia kidogo, mbele kulia, nyuma kushoto, raundi kwa raundi, bila kuivuta spana kwa hasira. Hasira alikuwa nazo tele, akazimeza. Spana ilipobofya kwenye kipimo cha kwanza, aliacha. Akachora njano.

Alitaka kugonga mara mbili. Akainua spana, mkono wake ukagoma. Hodi ile haikuwa yake kuibisha.

"Kazi imekamilika?" binti wa ukutani aliuliza.

"Bado. Gari liende likabebe, lirudi hapa."

"Kazi haijakamilika," binti alikubali. "Gari litarudi."

Kipofu kikatoka, kikapanda mgodini. Glavu alibaki nazo, kwa sababu akizivua mapema kila kitu kingepotea na karakana ingebaki bila mkono wowote, wake wala wa mkewe. Alikaa kwenye ndoo yake, jasho likimtiririka ndani ya zile nyuzi. Juu yake chuma kilining'inia. Alijikuta anakwepa kukitazama, kama vile mtu asivyotazama kitanda kilichotandikwa baada ya msiba.

Jua lilianza kuinama alipousikia mngurumo. Kipofu kilirudi kimejaa, springi zimebonyea, na nyuma yake barabarani msafara mzima ulikuwa unakuja, ukiwa na vile vilivyofungwa jana na juzi. Wakati huo huo magari meupe ya tume yaliingia kwa lango dogo. Rwezaura aliruka nje, akaona glavu, akaona chuma kilicholegea. Akaja mbio, kisha akakumbuka wageni, akatembea.

"Mzee," alinong'ona, midomo ikitabasamu kwa ajili ya wale waliokuwa nyuma. "Umefanya nini?"

"Namalizia kazi."

"Umemfuta?"

"Sogea, bwana mkubwa. Umekanyaga kabari."

"Ungekuwa naye nyumbani!" Sauti ya kijana ilipasuka kidogo, na kwa mara ya kwanza Ambakisye alimhurumia, lakini si sana. "Unaondoka hapa leo. Unaelewa? Leo."

"Naelewa."

Alilala chini ya mzigo kama zamani. Mgongo ulilalamika. Akaigusa nati ya kwanza kwa spana ndefu, na ikazunguka, ikazunguka tena, laini, bila ubishi wowote. Asubuhi tu alikuwa ameiacha imekaza. Kule juu ya boliti zile kulikuwa na mlima wa mawe, na chini ya mlima kulikuwa na Elika na viazi vyake. Akakaza kwa msalaba, raundi kwa raundi, mpaka spana ikabofya kipimo cha mwisho kwenye kila nati. Akachora nyeupe kando ya njano.

Kisha, kabla hajafikiri, mkono wake uligonga mara moja.

Ko.

"Kazi imekamilika," akasema.

"Mkono umepokelewa," alisema binti. "Magari yaliyofungwa kwa mkono wa awali yanaitwa kurudi kukaguliwa."

Barabarani breki zilipiga yowe, moja baada ya nyingine. Kimoja kilikuwa kimeshaipita tambarare, pua yake imeanza kuinamia mlima. Kikasimama, kikatetemeka, kikaanza kurudi nyuma. Lango likajifunga. Kule mbele Chaula alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani kwa mikono miwili.

*

Walimnyang'anya kitambulisho pale pale mlangoni. Wajumbe wa tume walikuwa wameketi kivulini, sambusa zimeshaletwa, na Rwezaura alikuwa anawaeleza kwa sauti iliyonyooka.

"Ulikuwa mkono wa zamani. Mama wa watu alirekodiwa akiwa mgonjwa, alikuwa anatetemeka. Kampuni imeshauondoa. Na kama mnavyoona, tumeanzisha utaratibu mpya wa kukaza mara mbili."

"Hongereni," alisema mjumbe mmoja.

Ambakisye alisimama. "Hakutetemeka," alisema.

Mjumbe wa kike mwenye miwani aliinua uso. "Nani huyu?"

"Mtunza," Rwezaura alijibu. "Ndiye mume wa marehemu. Mtuwie radhi."

"Hakutetemeka hata siku moja. Alifunga nusu yake. Muulizeni huyu nusu ya pili waliipeleka wapi."

Yule mama alimtazama, akaonekana kama anataka kuuliza kitu. Mwenzake akamsogezea sahani. Akashusha macho kuchagua sambusa.

Mlinzi alimshika Ambakisye kiwiko, si kwa ubaya. Nyuma yao kipofu cha kwanza kilichorudishwa kilikuwa kimeingia ndani, kimejaa mawe, na mkono ulikuwa umeamka. Haukujifuta popote. Ulikwenda moja kwa moja kwenye spana ndefu, kwa pupa, kama dereva aliyechelewa, ukapapasa ukapata nati, ukakaza kwa msalaba mpaka ikabofya. Ukachora nyeupe.

Mlinzi alimvuta. Ambakisye alikaza miguu, akasubiri, ingawa alijua kitakachofuata.

Mkono uligonga mara moja, ukaitikia karibu, na hapakuwa na mtu aliyebisha hodi.